Samaki wa Matumbawe Sebuleni: Kinachowaua na Kinachowaweka Hai



Tangi la kioo limeingia katika nyumba nyingi za mwambao wetu, na aghalabu huwekwa pale palipokuwa na kabati la vikombe. Hapo mwanzo lilikuwa la samaki wa maji matamu, wale wadogo wenye rangi ya dhahabu ambao hustahimili mikono ya watoto. Siku hizi watu wanataka wa baharini: kitatange wa manjano, kangaja wa buluu, na yule mdogo mwenye kanda nyeupe ambaye hulala ndani ya minyiri ya anemoni asidhurike. Si ajabu. Sisi ni watu wa pwani, na wengi wetu tumewajua samaki kwenye sinia tu, hatujapata kukaa tukawatazama wakiishi. Walakini samaki hao hufa, tena hufa kwa wingi na kwa haraka, na mwenye nyumba hubaki na tangi tupu na deni.

Mwezi wa Shaabani niliitwa kusuluhisha ugomvi wa namna hiyo. Baba mmoja, fundi wa majokofu, alikuwa amenunua tangi la lita 120 pamoja na samaki tisa kwa Sh38,000, fedha ambazo sehemu yake ilikuwa karo ya binti yake. Siku ya tatu baada ya kulijaza tangi maji aliwatia samaki wote kwa pamoja. Siku ya kumi na moja alikuwa amebaki na mmoja. Muuzaji alikataa kurudisha hata senti, akionyesha risiti iliyoandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mke alikuwa hasemi na mumewe. Binti, mwenye umri wa miaka minane, alikuwa hali vizuri, kwani baba yake alimwambia kwa hasira kwamba ni yeye aliyewaua samaki kwa kuwajazia chakula. Mimi si kadhi wala si mtaalamu wa samaki. Nilimwomba mzee mmoja wa mtaa wa pili, mhandisi mstaafu wa meli ambaye amefuga samaki wa baharini kwa zaidi ya miaka ishirini, afuatane nami. Mengi ya haya nitakayoyaeleza niliyapata kwake siku ile na siku zilizofuata, kisha nikayalinganisha na vitabu.

Mzee yule hakuuliza nani mwenye haki. Alichota maji kidogo katika kichupa, akatia matone ya dawa ya kupimia, akasubiri. Ilipasa maji yawe ya manjano. Yaligeuka kijani kizito.

"Hii ni amonia," akasema. "Humu asingeishi hata dagaa."

Samaki hutoa uchafu wa mwili wake kwa njia ya matamvua zaidi kuliko kwa njia nyingine yoyote, na uchafu huo ni amonia. Baharini huyeyuka katika maji yasiyo na ukingo. Ndani ya tangi hauna pa kwenda. Huyachoma matamvua yenyewe, samaki akawa anahema juu ya maji kama mtu mwenye pumu, kisha akafa. Kinachouondoa ni bakteria wasioonekana kwa macho. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia maadamu haikuzidi mno. Bakteria hao huota juu ya mawe, mchanga na kichujio, na huchukua wiki 4 hadi 6, wakati mwingine zaidi, kufikia idadi inayotosha. Tangi la siku tatu, hata kama maji yake yanang'aa, ni nyumba isiyo na choo.

Kwa hiyo anayeanza na ajaze maji, aweke mawe na mchanga, awashe pampu, kisha asubiri bila samaki. Bakteria awape chakula: kipande kidogo cha kamba kikiachwa kioze ndani ya maji kinatosha. Kila baada ya siku mbili tatu apime. Amonia itapanda kisha itashuka; nitriti itafuata nyuma yake. Zote mbili zikifika sufuri na zikakaa hapo, tangi liko tayari, na hata hapo aingize samaki mmoja au wawili tu, angoje wiki mbili tatu ndipo aongeze, kwani bakteria huzaana kwa kadiri ya chakula wanachokipata. Mawe yaliyokaa katika tangi la mtu mwingine hufupisha muda kwa sababu huja na bakteria wake. Lakini mtu asiende kuyavunja mwambani. Katika hifadhi za taifa za baharini, kama Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, hairuhusiwi kuondoa kitu chochote, awe samaki, jiwe au kombe. Na matumbawe ya mawe, pamoja na farasi wa baharini, yamo katika orodha ya viumbe ambao biashara yao ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES.

Sisi wa pwani tunayo neema ambayo mfugaji wa Nairobi hana, nayo ni maji yenyewe. Hata hivyo si kila maji ya bahari yanafaa. Yachotwe wakati bahari imejaa, mahali pa wazi panapopigwa na mawimbi, mbali na bandari, midomo ya mito na mifereji ya majitaka. Wakati wa masika, mvua inaposhusha udongo na taka, ni bora kuacha kabisa kwa siku kadhaa. Asiye na njia ya kuyapata hununua chumvi maalumu ya tangi na kuikoroga katika maji yaliyochujwa kwa mtambo. Chumvi ya jikoni haifai, kwa kuwa bahari ina magnesiamu, kalsiamu na madini mengine ambayo chumvi ya mchuzi haina.

Kila lita ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi, na hidromita, kile kipimo kinachoelea, husoma baina ya 1.023 na 1.026. Kiwango hiki kina uzito wake. Maji ya bahari yana chumvi kuliko damu ya samaki aliyemo, na chumvi huvuta maji. Kila aliyeona ng'onda ikitengenezwa anajua: samaki hupasuliwa, hupakwa chumvi, na baada ya muda maji yanamtoka yenyewe. Samaki aliye hai naye huvutwa hivyo hivyo mchana na usiku, na ili asikauke akiwa majini hunywa maji ya bahari bila kukoma, kisha huitoa chumvi ya ziada kwa matamvua. Kazi hiyo humla nguvu. Chumvi ya tangi ikipanda leo ikashuka kesho, samaki huchoka, na aliyechoka ndiye anayetangulia kuugua.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Maji ya tangi hupungua kila siku kwa mvuke, lakini chumvi haiondoki na mvuke, hubaki. Kilichopungua kwa mvuke basi hurudishwa kwa maji matamu, si kwa maji ya bahari. Fundi wetu wa majokofu alikuwa akiongeza ndoo ndogo ya maji ya bahari kila jioni, kwa nia njema kabisa, na hidromita ya mzee ilisoma 1.029. Maji hayo matamu nayo yachaguliwe. Visima vingi vya Mombasa vina chumvi na uchafu wake. Maji ya mfereji yana klorini ambayo ni lazima itolewe kwa dawa yake. Yale yaliyochujwa kwa mtambo, ambayo huuzwa mitaani kwa mitungi, ndiyo salama zaidi.

Joto ni adui wa kimyakimya. Bahari yetu hushuka hadi karibu nyuzi 25 wakati wa Kusi, na hupanda hadi 29 au 30 Kaskazi inapokaribia kumalizika. Chumba kilichoezekwa mabati hupita hapo bila taabu mwezi wa Machi, hasa ikiwa taa ya tangi inawaka na mota ya pampu imo ndani ya maji. Maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo, ilhali mwili wa samaki wakati huo huo unataka oksijeni zaidi. Nyuzi 25 hadi 27 ndizo za kulengwa. Feni inayopuliza juu ya uso wa maji huweza kushusha nyuzi mbili hivi, ingawa unyevu wa hewa yetu huipunguzia nguvu; tangi lisielekezwe kwenye jua la dirishani; na siku ya dharura chupa ya maji yaliyoganda, ikiwa imefungwa vizuri, huelezwa ndani. Mwaka 1998 joto la bahari lilipozidi kiwango chake kwa wiki kadhaa, sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ilipauka na kufa. Ikiwa bahari nzima ilishindwa na nyuzi chache, sembuse lita 120.

Nije sasa kwa samaki wenyewe. Wako wasiopaswa kuuziwa anayeanza, na wako ambao kwa maoni yangu wasingepaswa kuvuliwa kabisa kwa ajili ya sebule. Katika wale tisa alikuwamo mmoja ambaye wataalamu humwita Zanclus cornutus, mwenye mikanda ya nyeusi, nyeupe na manjano, na uzi mrefu unaotoka mgongoni. Yuko katika miamba yetu, na kila mzamiaji amemwona. Wazungu wamempa jina lenye maana ya sanamu la Wamoro, kwa dai kwamba Waislamu wa Afrika walimtukuza. Nimesoma vitabu vingi vya wazee wetu na sijakutana na mtu aliyemtukuza samaki isipokuwa kwa ndimu. Chakula chake kikubwa ni sifongo za baharini na viumbe wengine walioganda maweni. Akiingia tangini mara nyingi hukataa kila anachopewa, akakonda, na baada ya wiki chache amekwisha.

Vitatange nao hawafanani. Chaetodon trifascialis hula takriban matumbawe hai peke yake. Atakufa njaa mbele ya bakuli la kamba. Lakini Chaetodon auriga, yule mwenye uzi nyuma ya pezi la mgongo, hula vitu vingi na anafugika kwa mtu mwenye uzoefu. Msafishaji mdogo mwenye mstari mweusi, Labroides dimidiatus, maisha yake ni kuwachokoa samaki wengine wadudu waliowaganda. Tangini hakosi urembo, lakini hukosa riziki, na kule alikotolewa wamebaki samaki wasio na mganga. Kangaja wa buluu, Acanthurus leucosternon, amezoea kuogelea masafa na kuchunga mwani. Tangi lisilofika mita moja na nusu kwa urefu kwake ni jela, na maradhi humpata kabla ya wote. Anayefaa kuanzia ni yule wa anemoni, hasa aliyezaliwa mashambani mwa samaki na si aliyetolewa mwambani. Huyo hula bila shida, hahitaji anemoni ili aishi, na akitunzwa huzidi miaka kumi. Vyovyote iwavyo, usimnunue samaki hujamwona akila. Mwambie muuzaji ampe chakula mbele yako. Akisita, nenda zako.

Na hata aliyekula mbele yako asiingizwe moja kwa moja kwa wenzake. Liko radhi moja la madoa meupe, kama chembe za chumvi mwilini, liletwalo na kidudu kiitwacho Cryptocaryon irritans. Kidudu hunona juu ya samaki, kisha humwacha, hujishikiza mchangani na kugawanyika, na kutoka kwa kimoja hutokea mamia. Mwenye tangi huona madoa yamepotea akashukuru, kumbe wamekwenda kuzaa. Kwa hiyo mgeni akae karantini, katika tangi dogo lake, kwa muda wa wiki nne au zaidi. Dawa ya shaba huwaua wadudu hao ikipimwa sawasawa kila siku, lakini huwaua pia kamba, kaa, konokono na matumbawe, basi isiguse tangi kubwa.

Sasa suluhu yenyewe. Muuzaji alipoulizwa alikiri kwamba kangaja alikuwa na madoa siku ya mauzo. "Nilidhani yatapoa, Maalim," akasema. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, ambayo wengi wetu tumeisoma, muuzaji anayeshurutisha kuepukana na lawama ya kasoro huepukana, katika mnyama, na kasoro iliyofichika ambayo mwenyewe hakuijua, si nyingine. Risiti ile basi haikumkinga kwa kangaja. Na kwa kuwa samaki alikufa mikononi mwa mnunuzi, mzoga haurudishwi. Mnunuzi hudai tofauti ya bei baina ya mzima na mgonjwa. Ama yule wa uzi, kukataa chakula hakukuwa kasoro yake, ni tabia ya jinsi yake yote. Waliobaki waliuawa na amonia, na hiyo ilikuwa kasoro ya tangi, si ya samaki. Kwa mizani ya sheria peke yake baba angepata kidogo sana.

Lakini baba alikuwa ameuliza, mbele ya mkewe, kama anaweza kuwatia samaki kesho kutwa, na alijibiwa, "Tia tu." Muuzaji hakulikana neno hilo. Nilimkumbusha hadithi sahihi juu ya wauzianao wawili, kwamba wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa, na wakificha baraka hufutwa. Alikaa kimya kwa muda. Mwisho alirudisha Sh12,000, akamchukua yule kitatange aliyebaki akamweke katika tangi lake lililokomaa, na akaahidi kuwashikilia samaki wawili wa anemoni mpaka maji ya nyumba ile yawe tayari.

Mzee wa meli ndiye aliyezungumza na mtoto. "Hata ungewanyima chakula kabisa wangekufa vilevile," alimwambia. "Maji ndiyo yaliyowaua, na maji hukuyatia wewe." Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alimwambia bintiye, "Nisamehe, mama," na mtoto akauliza kama ataruhusiwa kupima maji kila Ijumaa. Sasa ndiye anayepima.

Watu kadhaa wameniuliza tangu hapo kama kuwafuga samaki hawa kunajuzu. Wanazuoni wamechukua ruhusa ya kufuga ndege kutokana na kisa cha Abu Umayr, mtoto aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea na Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumkataza. Ruhusa hiyo ina mpaka, nao uko katika hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Samaki wa matumbawe aliye katika tangi lisilokomaa yuko karibu na paka yule kuliko ndege wa Abu Umayr. Nami naona anayemnunua huku akijua kwamba hatakula hana udhuru.

Yamebaki ya kila siku, nayo si mazito. Chakula kiwe kidogo, mara mbili au tatu kwa siku, kadiri ya kumalizwa ndani ya dakika mbili. Kila wiki sehemu moja kati ya kumi ya maji ibadilishwe kwa maji ya bahari yaliyo safi, yenye joto na chumvi sawa na ya tangi. Kichujio kisisuuzwe kwa maji ya mfereji, maana klorini itawaua bakteria uliowangoja wiki sita. Kisuuzwe katika maji yaliyotolewa tangini. Umeme ukikatika, usiwalishe. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri bei yake haifiki ya samaki mmoja, na isipokuwapo, chota maji ya tangi kwa kikombe uyamimine kutoka juu, tena na tena, mpaka umeme urudi. Fundi wetu, kwa kuwa majokofu ndiyo kazi yake, ameunganisha feni na pampu kwenye betri ya gari, na majirani wameanza kumwendea awafanyie vivyo hivyo.

Na ambaye amechoka, au anahama, asiende kuwamwaga samaki wake baharini, hata ikiwa anadhani anawapa uhuru. Samaki wa tangini huweza kubeba maradhi, na wengine wanaouzwa hapa si wa bahari hii. Huko Florida, Marekani, chale wenye miiba ya sumu kutoka Bahari ya Hindi na Pasifiki walianza kuonekana katika miaka ya 1980, na inaaminika walitoka matangini mwa watu. Leo wameenea Karibi nzima, wanawala vijana wa samaki wa huko, na wavuvi wameshindwa kuwamaliza. Ampe mwenye tangi lililokomaa, au amrudishie muuzaji hata bila malipo. Mzee wa meli anasema yeye hupokea, ila mtu aje na samaki akiwa bado anakula.